Tundu la Kifungo cha Juu

Nyinyi mnaokuja Jumamosi pale ukumbini Macquarie Fields kujifunza kushona, mmeniuliza swali moja mara nyingi, tena kwa Kiingereza: kwa nini nawagombeza mkikata tundu la kifungo kabla sijasema. Nimekuwa nikijibu "kwa sababu nimesema," mnacheka, mnarudi kwenye simu zenu. Leo nitajibu vizuri. Jibu ni refu kidogo, linapitia kwa makanoni, na wengi wenu hamjui kanoni ni mnyama gani. Zimeni mashine, mkae.

Nilishona nguo za kanisa miaka mingi hapa hapa Sydney, kwenye karakana ndogo ya St Marys, nyuma ya watengeneza breki. Nikitoka nyumbani nabadilisha treni Glenfield, nabadilisha tena Blacktown, nafika nimeshasali rozari yote na kusinzia juu yake. Mwenye karakana alikuwa Mama Carmela, Mmalta, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Mimi kule Uvira nilikuwa nashona sare za shule, kwa hiyo nilijihesabu fundi. Wiki ya kwanza Mama Carmela alinipa mkasi na kipande cha pamba, akaniambia nikate duara kwa macho tu, bila chaki. Nilikata. Alikigeuza geuza kile kipande, akakipeleka jikoni kikawa cha kushikia sufuria. Sikukasirika sana, kwa kuwa kweli halikuwa duara.

Siku hizi mapadri wengi wanaagiza nguo za ibada kwenye mtandao. Zinafika kwenye mfuko wa plastiki, zinafulika, hazichuji, na sina ugomvi nazo. Lakini karakana yetu iliishi kwa kazi za kutengeneza: bitana iliyochanika, nta ya mshumaa iliyodondokea hariri (karatasi juu, pasi ya vuguvugu, na uvumilivu, msikwangue kwa kucha), kola iliyoliwa na jasho. Na mara moja moja iliingia kazi ambayo Mama Carmela alifunga mlango ili kuifanya. Hiyo ndiyo mozeta ya kanoni.

Mozeta ni joho fupi la mabegani. Linafika kwenye viwiko na linafungwa mbele kwa safu ya vifungo vidogo vilivyovikwa kitambaa. Ya kanoni kwa kawaida ni nyeusi au ya kijivu, ina uzi wa zambarau pembeni. Mkiitazama juu juu mtasema ni kazi ya asubuhi moja. Haya, jaribuni kulaza kitambaa begani mwa mzee aliyeinama upande bila kumwonyesha kwamba ameinama.

Historia yake nilifundishwa na Mama Carmela huku tunavika vifungo. Mjomba wake alikuwa kanoni kule Malta, kwa hiyo aliieleza kama habari za ukoo, pamoja na masengenyo. Zamani, alisema, askofu na mapadri wake waliishi nyumba moja karibu na kanisa kuu. Walikula pamoja na kusali pamoja kwa saa zake, upande mmoja wa kwaya unaimba, upande wa pili unajibu. Hao ndio makanoni. Baraza lao lilikuwa na nguvu. Lilimshauri askofu, akifa lilishika jimbo, na mahali pengine lilimchagua anayefuata. Walikuwa na vyeo vyao: dekano, mkuu wa uimbaji, mtunza hazina, mwungamishaji. Kila mmoja alikuwa na kiti chake cha mbao kwenye kwaya, pale mbele karibu na altare, sauti yake mkutanoni, na fungu lake la mapato.

"Halafu maaskofu wakaona kitu," Mama Carmela aliniambia. "Padri mzee aliyefanya kazi vizuri anataka ahsante, na viti vyenye mapato vimejaa. Wakaunda kanoni wa heshima. Kiti anapata, nguo anapata, sauti hana, mapato hana. Wamempa kila kitu kisichowagharimu."

"Na mjomba wako alikuwa wa aina gani?"

"Wa heshima. Na alikitembeza kile cheo mtaani utadhani ni yeye aliyelijenga kanisa."

Baadaye mambo yalipungua. Roma ilikata mikia mirefu ya majoho, ikaondoa manyoya na mapambo mengi, na Mama Carmela alikuwa na sanduku zima la vielelezo vya kukatia vya mama yake, ambavyo hakuna tena wa kushonewa kwavyo. Hata kazi ya kumshauri askofu, sehemu nyingi ilihamia kwenye kundi dogo la washauri, makanoni wakabaki na ibada kubwa za kanisa kuu. Ndiyo maana hapa Sydney wateja wa mozeta walikuwa wachache. Walikuwa mapadri waliozaliwa kwingine, Poland au Malta, ambao majimbo ya nyumbani yaliwakumbuka uzeeni. Na sheria ilikuwa kwamba kanoni anavaa mapambo yake ndani ya jimbo lililompa, si kila anakokwenda, isipokuwa amefuatana na askofu wake au ametumwa na baraza. Kwa hiyo mozeta zetu zilitoka mezani zikaingia moja kwa moja kwenye masanduku ya safari. Tulishona nguo ambazo hatukuziona zikivaliwa.

Watu walichanganya mambo, bila shaka. Waliwahi kuja kina mama wa parokia moja na picha iliyokatwa gazetini. Padri wao amefanywa monsinyori, wanataka kumshtukiza kwa joho la zambarau lenye vifungo. Mama Carmela akawaeleza kwamba umonsinyori ni heshima inayotoka kwa Papa, ukanoni unatoka kwa askofu na unakaa kwenye kiti cha kanisa kuu, na monsinyori hapaswi kuvaa mozeta. Kina mama wakasema lakini picha ni nzuri. Akasema hata picha ya askofu ni nzuri, tumshonee na kofia yake? Waliondoka na mkanda wa zambarau wa kiunoni, ambao ndio wake, wakiwa wamenuna lakini wamenunia mahali sahihi.

Sasa tundu.

Mama Carmela alikuwa na mwiko mmoja wa kazi. Matundu yote ya mozeta alishona na kukata isipokuwa la juu kabisa, lile la shingoni. Lile alilishona kuzunguka vizuri, uzi akaukaza, katikati akaacha kitambaa kizima. Likatwe siku mwenyewe atakaposimikwa, baada ya kukaa kwenye kiti chake. Kabla ya hapo, alisema, mtu ameteuliwa tu, na joho lake liko wazi shingoni ili yeye mwenyewe akumbuke.

Mwiko huo ulitoka kijijini kwao. Padri mmoja aliyeteuliwa kanoni alishindwa kusubiri, akavaa mozeta iliyokamilika kwenye maandamano ya mtakatifu msimamizi wa kijiji, wiki nzima kabla ya kusimikwa. Parokia ya pili ya kijiji hicho, iliyoionea wivu ya kwake, ilipiga kengele zake zote kumzomea, na bendi ikaacha wimbo wa dini ikapiga wa arusi. Mshonaji alikuwa bibi yake Mama Carmela, na lawama zote zilimwangukia yeye. Tangu hapo wanawake wa nyumba ile hawakukata tundu la juu mapema.

Mnaona basi. Na jinsi ya kulikata ni hivi: pini moja kila ncha ya tundu, ili mkasi usipite na kula ushonaji wenu. Kunja kitambaa, anza katikati, nenda kwenye ncha moja, rudi, nenda kwenye nyingine. Mkasi mdogo mkali. Mkono ukitetemeka, weka mkasi chini, unywe chai.

Mama Carmela alipofariki karakana ilifungwa, nikahamishia cherehani moja nyumbani, nikastaafu, au ndivyo nilivyowaambia wanangu. Mozeta ya mwisho niliishona baada ya hapo. Ilikuwa ya Padri Anselmi.

Nyinyi mnamjua. Ndiye yule mzee mrefu, mwembamba, Mrundi, anayekaa Campbelltown kwa mpwa wake Clarisse, anayetusomea Misa ya Kiswahili. Nyumbani mnamwita Kanoni, na baadhi yenu mlidhani ni jina lake la ubatizo. Askofu wake wa zamani alimteua kanoni wa heshima, siku ya kusimikwa ikapangwa, na kabla haijafika vita viliingia. Padri Anselmi alikimbia na waumini wake, akaishi nao kambini Tanzania, akaja nao hadi huku. Huko kambini watu walianza kumwita Kanoni kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kumpa. Yeye kila mara alijibu neno moja: "Bado." Watoto walifikiri ni mzaha wake.

Halikuwa mzaha. Aliniambia mwenyewe, siku nampima, amesimama sebuleni kwangu mikono ameiachia. Askofu mpya kule nyumbani alikuwa amempigia simu: kiti chako kipo, njoo tukusimike. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake haupendi safari ndefu. Yeye alikuwa ameshakata shauri.

"Unakitaka kweli kile kiti, Padri?" nilimuuliza.

"Nakitaka," alisema. "Nisikudanganye, Mama Zawadi. Nimesimama sana maishani mwangu. Foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya viza. Kuna kiti kimoja duniani chenye jina langu na sijawahi kukikalia."

Nilipiga futi begani, nikaandika kwa chaki. Alikuwa mifupa mitupu. Nikamwambia nitaubana mshono wa ubavuni.

"Hapana, usiubane. Acha kitambaa kingi ndani ya mishono. Kingi sana. Na chini ifupishe kidogo."

"Unategemea kunenepa, Padri?"

"Mpishi wa askofu ana sifa zake."

Tulicheka. Kisha, nikiwa nimeshika pini midomoni na siwezi kumkatiza, akanisimulia habari za Padri Severini. Walisoma wote seminari. Siku ya kukimbia, Severini alikataa kuliacha kanisa kuu. Makanoni wote walikuwa wametawanyika au wamekufa. Kila asubuhi alifungua mlango, akaingia kwenye kwaya peke yake, akaimba Masifu, sala za asubuhi: ubeti mmoja upande huu, halafu anavuka kwenda kujijibu upande wa pili.

"Na unene wake ule," Padri Anselmi alisema. "Fikiria anavyohema."

Nilitoa pini mdomoni. "Sasa naye si ni kanoni?"

"Severini? Hakuwahi kupewa kitu. Kwanza hakuwepo wa kumpa, kisha wakamzoea."

Nilisema masikini, nikaendelea kupima. Kitambaa kilikuwa cheusi, cha sufu nyepesi. Bitana niliweka ya zambarau, na mishono niliiacha mipana hivi kwamba Mama Carmela angenipigia kelele.

Ilipokaribia kwisha ukaanza mvutano. Jumuiya ilipanga Misa ya kumuaga, na kila mtu alitaka amwone Kanoni amevaa ukanoni wake. Clarisse, mnamjua, hufanya kazi ya kutunza wazee na hana muda wa kupoteza, alikuja kwangu bado na sare ya kazi. Mjomba wake humwita Tonton.

"Mama Zawadi, si umalizie ile button ya juu, Tonton avae Sunday? Watu iko wanauliza."

"Hajasimikwa. Na hapa si jimbo lake."

"Mama, tuko Macquarie Fields. Nani ataenda kumripoti?"

"Hakuna."

"So?"

"So nini? Nguo hii inasubiri kiti."

"Lakini Mama, daktari alisema... You know alisema nini. Kama hafiki? Watu hawatamwona nayo hata siku moja."

Hata mimi nilikuwa naliogopa hilo. Nikamwambia amuulize Padri mwenyewe, na nilivyomjua nilijua atakalojibu. Jumapili alisoma Misa na kanzu yake ya kila siku. Nyinyi mlikuwepo, mlinung'unika.

Clarisse alichukua likizo ili amsindikize. Nilimfundisha kukata tundu kwenye matambara mpaka akaweza. Nikamfungia mozeta kwenye karatasi laini, pamoja na mkasi mdogo na pini mbili. "Mkasi uweke kwenye sanduku kubwa," nilimwambia, "watu wa uwanja wa ndege hawana mchezo. Ukimwona amekaa, ndipo ukate."

Nilikuwa namenya viazi picha ilipoingia kwenye simu. Nilifuta mikono haraka, nikaikuza. Kwanza niliona mozeta yangu, nikafurahi, imelala vizuri begani. Halafu nikaona aliyeivaa ni mfupi. Nikafikiri ni mpiga picha amemfupisha Padri wangu. Nikakuza tena. Alikuwa mzee mnene, uso wa mviringo, macho mekundu ya kulia, ameketi kwenye kiti cha mbao kilichochongwa. Ubavuni mwa mozeta ulionekana mstari hafifu wa pasi, pale mshono ulipokuwa kabla ya kufumuliwa. Kitambaa chote nilichoacha ndani kilikuwa kimetoka nje. Kilitosha kabisa.

Nilikaa chini na kisu mkononi. Nilikuwa nimempima mtu mmoja, na nguo ilikuwa ya mwingine tangu siku ya kwanza.

Padri Anselmi nilimpata pembeni mwa picha, benchi ya mbele, amevaa koti lake la Campbelltown. Alikuwa anapiga makofi.

Nilimpigia Clarisse. "Huyo aliyevaa nguo yangu ndiye Severini?"

"Ndiye, Mama. I swear sikujua. Tonton alipiga simu kwa bishop zamani, hata kabla hujaanza kushona. Alimwambia, kama kiti kiko, akipewe yule alibakia. Bishop akakubali. Mimi aliniambia juu ya ndege, tayari tuko mbali, ningefanya nini?"

"Na yeye hakukikalia? Hata kidogo tu, kabla ya watu kuingia?"

"Tulienda asubuhi, kanisa iko empty. Nikamwambia Tonton, kaa tu, hakuna mtu. Akatoa kitambaa yake ya mfukoni, akapangusa vumbi. Pale pote, na kwa mikono ya kiti. Basi. Akatoka."

Nilikasirika, nasema ukweli. Nilimkasirikia Padri Anselmi siku kadhaa. Nilitaka akae. Nilishona kila kifungo nikimwona yeye amekaa, amenyoosha ile miguu mirefu. Hasira ilipopungua ndipo nilipolia, na sikujua namlilia nani kati yao wawili.

Lakini siku ile kwenye simu nilikuwa bado fundi, na jicho la fundi halipumziki. Nilikuwa nimeliona tundu la juu. Lilikuwa limekatwa vibaya, limekwenda upande, ncha moja mkasi umepita ukala ushonaji wangu.

"Clarisse," nikasema, "nilikufundisha vizuri. Nini kilitokea kwenye tundu?"

"Si mimi, Mama. Ni Tonton alikata. Mbele ya watu wote, Padri Severini tayari amekaa. Mikono ilikuwa inatetemeka kabisa, nikataka nimsaidie, akakataa."

Alirudi salama, moyo na vyote. Jumatatu alikuja kwangu kunirudishia mkasi, ameufunga kwenye kile kitambaa cha mfukoni, bado kina vumbi. Tulikunywa chai. Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni.

"Mama Zawadi, lile tundu," alisema. "Nadhani nililipindisha."

Nyinyi mnanijua. Sijawahi kuacha tundu lililopinda likapita mbele yangu, nimewafumulia kazi mpaka mmelia.

"Liko sawa, Padri," nilimwambia. "Mimi mwenyewe nisingelikata vizuri zaidi."

Haya, washeni mashine. Mikasi ibaki pale mezani hadi niwaambie.